Chupa Iliyofungiwa Kabatini

Ndugu zangu, hii isomeni hadi mwisho ndipo muitume kwa wengine, maana nawajua: mnasambaza kwanza, kusoma baadaye.

Palikuwa na mama mmoja mtu mzima, Bi Nambua, aliyeugua saratani mpaka ikaingia mifupani. Hospitali wakamrudisha nyumbani. Walisema kuponya haiwezekani tena, ila maumivu yanatulizika. Wakamkabidhi mwanawe Mbonea chupa ya mofini, ile dawa ya maji ya maumivu makali.

Sasa huyu Mbonea alikuwa mtunza stoo mstaafu. Watunza stoo mnawajua. Alimnywesha mama yake dozi ya kwanza, akamwona amelala vizuri, akafurahi sana. Kisha akaichukua chupa akaifungia kwenye kabati la vyombo, pamoja na vikombe vya maua vya wageni. Ufunguo akautia mfukoni.

Kesho yake mama akamwita. "Mbonea, nipe dawa."

"Jikaze kidogo, mama. Tunaitunza kwa ajili ya siku mbaya."

"Kwani hii ya leo ni siku gani?"

"Zipo mbaya zaidi."

Jamani! Mtu anaumwa hadi shuka likimgusa anapiga kelele, wewe unamwekea akiba! Bi Nambua aligeuza uso ukutani akasaga meno. Kifo alishaacha kukiogopa. Alichokuwa anataka ni kutoka nje tu, akae barazani kwake apigwe na jua, awafokee kuku wanaoparua mboga zake. Kwa maumivu yale hata kujigeuza kitandani hakuweza.

Ikawa hivyo kila siku. Majirani wakija kumjulia hali wanamkuta ameuma upindo wa kanga, nao wanamsifu: "Mama huyu mvumilivu jamani!" Bi Nambua akitamani awarushie bakuli la uji, ila mkono haunyanyuki.

Siku moja akaja binti mmoja, Sekela, mtafiti kutoka hospitali. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba, akitaka kujua kwa nini wagonjwa waliokwisha kupewa dawa bado wanateseka. Mbonea akampokea kwa heshima zote. Akafungua kabati, akatoa kikombe cha maua, akafunga tena.

"Shikamoo, bibi," Sekela akasema. "Maumivu yanaendeleaje?"

"Hajambo kabisa," akajibu Mbonea.

"Usingizi anapata?"

"Analala vizuri sana."

"Na dawa inamsaidia?"

"Mno! Tena tunaitumia kwa uangalifu. Chupa bado imejaa." Hapo alijibu kwa fahari, kama vile amekuja mkaguzi.

Sekela akaweka kikombe chini. "Samahani, baba. Nilikuwa namuuliza bibi."

Bi Nambua alitaka kucheka, maumivu yakamkatiza. "Marahaba, mjukuu wangu. Dawa nimeionja mara moja tu. Iko kabatini na vikombe. Nyumba hii kitu kizuri hakitoki mpaka aje mgeni. Nami ndiye niliyemfundisha. Alipokuwa mdogo nilimchapa kwa kugusa hicho kikombe unachonywea."

Kisha akamgeukia mwanawe. "Nisikilize vizuri, Mbonea. Mgeni humu ndani ni mimi. Huyu binti atakuja tena. Mimi ndiye ninayeondoka. Fungua kabati."

Mbonea akautoa ufunguo, lakini haulengi tundu. Mzee mzima akaanza kulia. "Mama, nilidhani dawa hii ikiisha, na wewe ndiyo basi."

"Ikiisha mnapewa nyingine," Sekela akasema. "Tena hunywewa kwa saa zake, maumivu yasipate nafasi ya kurudi. Haisubiri siku mbaya, baba. Ndiyo inayoizuia."

"Nyingine?" Mbonea akashangaa. "Kumbe ipo nyingine?"

"Si ungeuliza!" mama akafoka. "Wiki nzima nalia, wewe unanihesabia matone!"

Hapo hapo akanyweshwa. Baada ya siku chache, dawa ikitolewa kwa saa zake, Bi Nambua alibebwa hadi barazani, akaegemezwa kwenye mito, jua likampiga miguuni. Kuku walipousogelea mchicha akawafokea mpaka jirani akachungulia. Mbonea akamletea chai katika kikombe cha maua. Vikombe vile alivinunua mwenyewe akiwa bado msichana, na hakuwahi kukinywea hata kimoja.

Akakitazama kwa muda. Akaonja. Akakunja uso.

"Mbonea! Hii chai haina sukari. Nayo unaitunza?"

Funzo: Mgonjwa wako akikwambia anaumia, mwamini leo na umpe nafuu leo. Usimjibie akiwa na mdomo wake, wala usimfungie kabatini kitu anachokihitaji angali hai. Sasa mtumie yeyote anayeuguza, na wewe ukamuulize wa kwako.