Mwenye Wimbo Ajitaje

Bi Sikudhani wa Ngamiani alikuwa mjanja hata paka wake alimwomba ruhusa kabla ya kuiba samaki.

Siku moja akasikia sauti yake ya ujanani, ya enzi za bendi, imepachikwa ndani ya wimbo mpya wa Bosi Tikisa, msanii tajiri ambaye nyimbo zake zilipigwa kila harusi. Jina la bibi halikutajwa popote. Akamfuata redioni, kipindi kikiwa hewani.

"Mwanangu, sema tu kwamba anayeimba kiitikio ni mimi."

"Bibi, kachume mchicha! Wimbo nimeutunga mwenyewe."

"Wote? Na hiyo sauti ya zamani?"

"Wote wangu! Wasikilizaji ni mashahidi."

Bi Sikudhani akashusha pumzi. "Alhamdulillahi, nimepumzika! Huo tulikuwa tukimchezea pepo, naye humpanda mwenye wimbo. Miaka yote kanigaragaza mimi, kanilisha na mkaa. Sasa kasikia mwenyewe ni wewe. Mpokee vizuri, hapendi kusubirishwa."

Tikisa akahisi shingo inamwasha. Akaivamia maikrofoni.

"Jamani, si wangu! Ni wa Bi Sikudhani wa Ngamiani! Sauti yake, wimbo wake, mimi nimechukua tu! Pepo, unanisikia? Bi Sikudhani!"

Tanga nzima ikasikia.

Nje, Mwanaidi, shoga yake Bi Sikudhani, alikuwa akimsubiri, kasimama mbali kidogo. "Mwenzangu, kumbe una pepo?"

"Pepo wa wapi, shoga? Wimbo ule tuliutunga kutangaza sabuni ya kufulia."