Kibanda cha Langoni na Tovuti ya Mihuri

Hapo zamani, si zamani ya majitu na mazimwi, bali zamani hii ya jirani, serikali ilipokuwa imehamia mtandaoni lakini haijamaliza kushusha mizigo, palikuwa na mji uitwao Sangalale. Na Sangalale palikuwa na mwanamke kipofu, Bi. Sikitu, muuza viungo.

Bi. Sikitu haoni tangu utotoni, lakini mpitishie mdalasini puani, atakwambia mdalasini huo ulilala kwenye gunia gani na gunia la jirani lilikuwa na nini. Na ulimi wake, jamani! Ungeuzwa kwa kilo, angekuwa tajiri.

Basi halmashauri ikajenga soko jipya. Vibanda vingi, kitamu kimoja: cha langoni. Bi. Sikitu alikitaka hicho kuliko anavyotaka pumzi, kwa sababu vilivyobaki vyote vilikuwa kule ndani, uchochoro wa dagaa. Weka iliki karibu na dagaa siku nzima, jioni mteja hajui anakunywa chai au mchuzi.

Maombi yalipokelewa kwenye tovuti tu.

"Nitakujazia," akasema shemeji yake, Shomvi.

"Shemeji, tulia hapo hapo. Ulinijazia mara ya kwanza, kibanda kikatoka kwa jina lako. Mpaka leo unauza maji ya betri mahali nilipotaka kuuza pilipili. Safari hii najaza mwenyewe, kwa vidole hivi."

Simu yake ilikuwa ya kusema. Kila kilichoandikwa kwenye skrini ilikisoma kwa sauti. Akafungua tovuti.

Simu ikasema, "Picha."

Akagusa chini. "Picha."

Akagusa pembeni. "Picha."

Ilikuwaje? Mkurugenzi wa halmashauri, Bwana Lutengano, aliamini kwamba tangazo lisilo na muhuri ni umbea. Kwa hiyo kila tangazo lilichapwa, likatiwa saini, likagongwa muhuri, likapigwa picha, ndipo likapandishwa mtandaoni. Mwenye macho aliona tangazo. Simu ya Bi. Sikitu iliona picha.

Akapapasa, akapapasa, mpaka akafika kwenye kitufe cha kuomba. Simu ikamwambia, "Thibitisha kuwa wewe si roboti. Chagua picha zote zenye pikipiki. Picha. Picha. Picha."

"Ala!" akasema Bi. Sikitu. "Nimezaa, nimelea, nimezika waume wawili, leo naulizwa kama mimi ni mashine?"

Akachukua fimbo yake nyeupe, huyo, ofisini.

Bwana Lutengano alikuwa mtu mwema, wema ule wa watu wenye viti vya kuzunguka. "Mama yangu, usijisumbue," akasema baada ya kusikia shida yake, akishusha sauti. "Hicho cha langoni nitakupa kimyakimya. Usijaze chochote."

Bi. Sikitu akatega sikio. Akakisikia kibanda chake: lango linalia, viatu vya wateja vinasimama, mtu anauliza bei ya karafuu. Neno moja tu, "Ahsante," kingekuwa chake.

"Na kipofu mwingine akija kesho?" akauliza.

"Naye aje kwangu."

"Na wewe ukihamishwa?"

Mkurugenzi akakohoa.

"Mheshimiwa, nimekuja mlango wa mbele ufunguliwe, sikuja kupitishwa wa nyuma. Kibanda chako cha kimyakimya sikitaki."

Akatoka akiwa amenyooka kama mlingoti. Alipofika barabarani akausonya ulimi wake mwenyewe, maana alijua amekitema kibanda kikiwa tayari mdomoni.

Maneno hayo ya ofisini yalisikiwa na Gadieli, fundi wa tovuti, aliyekuwa meza ya pili, yeye yule aliyeijenga. Siku alipoijenga hakumfikiria kipofu hata mmoja. Sasa hakuweza kumfikiria mtu mwingine. Akaketi, akabomoa, akajenga upya. Matangazo yote akayaandika kwa maneno. Mtihani wa pikipiki akautupa. Video akazitia maandishi chini. Kila picha akaiandikia maelezo, na muhuri akauweka pembeni, kama hereni.

Mkurugenzi akafungua tovuti. "Muhuri uko wapi?"

"Uko pembeni, mheshimiwa. Simu ya kipofu inautaja vizuri kabisa."

"Muhuri hautajwi, bwana! Muhuri unaogopwa!"

Gadieli akafukuzwa kazi siku hiyo hiyo, na tovuti ya picha ikarudishwa mahali pake.

Sasa sikilizeni habari za Makame. Makame alikuwa fundi cherehani, kiziwi, naye pia alikitaka kibanda cha langoni. Yeye picha aliziona. Lakini maelekezo ya kuomba yalikuwa video ya mkurugenzi akizungumza, midomo inakwenda, neno hakuna, na chini yake: "Ukikwama, tupigie simu." Kiziwi apige simu!

Makame na Bi. Sikitu walikuwa mahasimu wa utani. Bi. Sikitu akisema, simu ya Makame inaandika. Makame akiandika, simu ya Bi. Sikitu inasema.

"Leo umevaa kanga ndani nje," simu ilimwambia Bi. Sikitu kwa niaba ya Makame.

"Na wewe cherehani yako inalia kama punda aliyefiwa. Bahati yako huisikii, sisi ndio tunaoteseka."

Ikafika siku ya mkutano wa hadhara. Mji mzima ukajaa uwanjani. Bwana Lutengano akashika kipaza sauti: "Wananchi, tovuti yetu ni ya watu wote, bila kubagua..."

Makame akatembea taratibu, kama mtu anayekwenda kuchota maji, akafika kwenye spika, akachomoa waya.

Mkurugenzi midomo inakwenda. Mikono inakwenda. Kitambi kinakwenda. Sauti hakuna.

"Hatusikii!" watu wakapiga kelele. "Hatusikii!"

Makame akakunjua kitambaa kilichoshonwa herufi nyekundu kubwa: HIVI NDIVYO TOVUTI YENU INAVYOSEMA NAMI.

Mgambo wakamrukia, wakamkokota, kitambaa bado kiko juu. "Someni kitambaa!" watu wakaambiana.

"Kuna nini? Kimeandikwa nini?" Bi. Sikitu akamvuta jirani. Jirani akamsomea. Bi. Sikitu akaangua kicheko kilichoruka mpaka jukwaani, akasimama, akapaza sauti: "Na mimi inaniambia hivi: Picha! Picha! Picha!"

"Picha!" likaitika kundi la nyuma. "Picha!" likaitika la mbele. Uwanja mzima ukawa tovuti ya Halmashauri ya Sangalale.

Bwana Lutengano akashuka, akakiokota kitambaa kilichomponyoka Makame. Akakisoma. Akakisoma tena, polepole. Halafu akasema, bila kipaza sauti, na kila mtu akamsikia: "Mwachieni. Na yule fundi niliyemfukuza, kazi yake irudishwe mtandaoni leo."

Jioni hiyo Bi. Sikitu akafungua simu. Ikasema, "Halmashauri ya Mji wa Sangalale. Maombi ya vibanda. Andika jina lako." Akaliandika, herufi kwa herufi, asaidiwe na nani! "Ombi lako limepokelewa, Sikitu." Akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja wakiuliza anaolewa na nani. Makame akajaza. Seremala aliyepoteza mikono yote miwili akajaza kwa kuiamuru simu kwa mdomo, huku anatafuna kipande cha muwa. Mji ukasherehekea.

Lakini kibanda cha langoni kiliombwa na watatu: Bi. Sikitu, Makame, na Gadieli, ambaye kazi yake ilirudi mtandaoni lakini kiti chake kilishakaliwa na mtu, sasa anataka mahali pa kutengeneza simu.

Siku ya kufungua soko, mkurugenzi akainua ufunguo. "Kibanda cha langoni ni cha aliyeifungua tovuti kwa watu wote. Ajitetee kila mmoja."

Bi. Sikitu akasema: "Nilipewa kibanda mkononi, nikakikataa kwa ajili ya nitakaowaacha nyuma. Ningekubali, nani angefumbua mdomo?"

"Apewe!" watu wakasema.

Makame akaandika, simu ya Bi. Sikitu ikasema: "Alikataa, tovuti ikabaki ile ile. Gadieli alijenga, ikafutwa. Mimi nilichomoa waya, nikakokotwa mchangani mbele ya wateja wangu, ndipo mkurugenzi akasikia."

"Apewe!" watu wakasema.

Gadieli akasema: "Ni kweli, mlango niliufunga mimi. Lakini kukataa hakuandiki tovuti, na waya hauandiki tovuti. Niliiandika mimi, na mshahara wangu ukaenda nayo. Mama Sikitu, sauti uliyoisikia jioni ile ilikuwa kazi ya nani?"

Bi. Sikitu akaipapasa simu yake. "Yako, mwanangu," akasema.

"Apewe!" watu wakasema, halafu wakatazamana, maana walikwisha kuwapa watatu kibanda kimoja.

Bwana Lutengano bado amesimama, ufunguo umenyooshwa, jasho linamtiririka, na viganja vitatu viko wazi mbele yake. Haya, nyinyi mnaocheka huko nyuma, mnisaidie: auweke katika kiganja cha nani?