Mwosha Maiti Aliyekataa Kusema

Wametusimulia waliotutangulia, na ukweli wote uko kwa Mola peke yake, kwamba katika mji mmoja wa kale alikuwapo mwanamke mchamungu aitwaye Thuwaiba, ambaye kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanawake. Hakuwa na mali wala ukoo wa kutajika. Alikuwa na jina jema tu, na kwa mwosha maiti jina jema ndilo kila kitu. Nani atamfungulia mlango mtu asiyemwamini, amwachie mzazi wake ambaye hawezi tena hata kusema "niache"?

Basi alfajiri moja akafariki bibi aitwaye Rababu, akaacha mama mzee, Bi Atika, na binti mdogo. Thuwaiba akaitwa. Mwenzake wa kummiminia maji alikuwa na homa siku hiyo, kwa hiyo alimwosha marehemu peke yake nyuma ya pazia, akamvisha sanda, na wanaume wakalibeba jeneza. Kadhi wa mji, Sheikh Dhakwani, ndiye aliyeongoza sala kule makaburini. Waliporudi kutoka kuzika wakakuta zogo uani. Bi Atika amemshika Thuwaiba mkono, analia kwa kwikwi.

"Bangili ya fedha ya mwanangu iko wapi? Hakuivua tangu aolewe! Nilitaka kumvisha mjukuu wangu, apate cha kumkumbukia mamake. Na aliyemgusa ni wewe peke yako!"

"Wallahi, mama, sikuikuta," akajibu Thuwaiba.

Kadhi akawatuliza watu, kisha akamwuliza kwa upole: "Bibi, mkono wa marehemu uliuonaje? Bangili iliyokaa miaka mkononi, ikivutwa kwa nguvu, huacha alama. Kama uliikuta alama hiyo kabla hujaanza kuosha, sema, nawe utakuwa umetoka katika tuhuma."

Thuwaiba akainamisha kichwa. "Kadhi wetu, niulize juu yangu mimi, nitakujibu mpaka jua lizame. Juu ya mwili wake usiniulize. Niliyoyaona pale nimeyafunika pamoja naye."

Hapo watu wakachanganyikiwa kabisa. Wako waliosema huyu ni mwizi anayejificha nyuma ya dini. Wako waliosema mwizi angekuwa amekwisha kuzua uongo wake zamani. Wengine walishika upande huu, wakahamia ule, kisha wakarudi walikotoka, na kila mara kwa yakini ileile. Bi Atika alimtazama Thuwaiba akamwona mwizi, akamtazama tena akamwona mchamungu, na hilo likamuumiza kuliko msiba wenyewe. Hata Thuwaiba alianza kuitilia shaka mikono yake. Je, bangili iliponyoka ndani ya maji? Je, aliimwaga bila kujua? Akapekua mikunjo ya nguo zake mbele ya watu, kisha akarudia kupekua mikunjo ileile. Aliogopa, tena aliogopa sana.

Kadhi naye alizunguka ua kama mtu aliyesahau anachokitafuta. Mwishowe akauliza ni nani aliyebaki nyumbani walipokwenda makaburini. Akaambiwa wanawake walikuwa chumba cha ndani, wote pamoja. Ndipo akasogea mbele Mundhiri, kaka yake Rababu kwa baba, ambaye ndiye aliyekaa na maiti tangu alfajiri mpaka mwosha alipofika.

"Sheikh, wanaume sote tulikuwa nyuma yako. Mimi nilisimama safu ya mwisho. Kwa huzuni niliyo nayo, hata vumbi la sijda sijalifuta." Akaonyesha paji lake la uso, na kweli lilikuwa na vumbi.

Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Nanyi mnaosoma msijifanye werevu, mngetikisa pamoja nao. Kadhi mwenyewe alitikisa kichwa, akaaga, akafika mlangoni. Kisha akasimama.

"Mundhiri, vumbi hilo ni la sijda ya sala ipi?"

"Ya jeneza, Sheikh. Hii hii tuliyoisali sasa hivi."

Sala ya jeneza, kama ajuavyo kila aliyewahi kumzika wake, husaliwa kwa kusimama tangu takbira ya kwanza hadi salamu. Haina rukuu, wala haina sijda.

"Mwanangu," akasema Kadhi, "sisi tulisali tumesimama. Na kama vumbi hilo ni la alfajiri, maji ya udhu wa jeneza yangeliondoa. Basi paji lako limesujudia nini?"

Kadhi akapitisha kidole kwenye paji la Mundhiri, akakitazama kidole chake, akaona ni jivu. Akageuka kulitazama tanuri la mikate pale uani. Nyumba yenye msiba haipiki, chakula huletwa na majirani, na tanuri lile lingekaa baridi siku kadhaa bila mtu kulichungulia. Kadhi akapiga magoti, akaingiza mkono hadi begani, na paji lake mwenyewe likagusa ukingo wenye jivu. Akatoa kitambaa kilichofungwa. Ndani yake ilikuwamo bangili.

Mundhiri akakiri. Alimvua dada yake bangili alfajiri ileile, na jeneza lilipotoka alibaki nyuma akaificha, akijua lawama zitamwangukia mwosha maiti.

Bi Atika akamwendea Thuwaiba, amejaa aibu. "Mwanangu, nisamehe. Lakini nifumbulie, maana sielewi. Neno moja lingekuokoa. Rababu wangu alikuwa na nini mkononi?"

Thuwaiba akafuta machozi. "Alikuwa mwanao, mama, na nimemwosha akatakata."

Yule mzee alikuwa mama wa marehemu, na hata yeye hakuambiwa. Kisha akamshika mikono yote miwili.

"Siku yangu ikifika," akasema, "unioshe wewe. Asinishike mwingine."

Ndugu zangu, Thuwaiba hakujua kama kuna jivu kwenye paji la mtu. Alinyamaza akiwa hajui kama ataokolewa, na huo ndio ugumu wa subira. Sisi siri za majirani zetu tunazimwaga barazani wangali hai, wala hakuna aliyetushika mkono kutulazimisha. Mola atusitiri, hai wetu na maiti wetu.