Kidole Kati ya Pingu na Mkono

Alikuwepo askari mmoja, na msiniulize ni wa kituo gani, maana mkishajua kituo mtaanza kumtafuta yeye na kujisahau ninyi.

Askari huyo alikuwa hodari wa kazi. Chuoni alifundishwa kwamba ukishamvisha mtu pingu, kwanza unapitisha kidole chako kati ya chuma na mkono wake. Kikipita, unabonyeza kipini kidogo kilichopo ubavuni mwa pingu ili isizidi kujikaza. Kidole, kisha kipini. Hata usingizini angeweza kukuambia.

Asubuhi moja akaitwa kijijini. Fundi viatu alikuwa amekamatwa akiwa na paneli ya sola ya zahanati, ile inayolisha jokofu la chanjo. Kuiba, aliiba kweli. Nawaambia mapema msije mkamwonea huruma ya bure. Watu walikuwa wamejaa, kila mmoja na jiwe la maneno mdomoni. Askari akamgeuza, mikono nyuma, pingu ikalia krr.

"Afande, nifunge, sikimbii," yule mwizi akasema. "Ila legeza kidogo. Mkono huu ndio unaoshika sindano ya kushonea viatu."

"Ulipokuwa unafungua nati za paneli haukukuuma?"

Watu wakaangua kicheko. Ah, kicheko kile kilimwingia askari kama chai ya moto asubuhi ya baridi! Sauti ya kike ikapaa nyuma ya umati: "Kaza, afande! Kaza mpaka asikie uchungu wa watoto wetu!" Na wengine wakaitikia: "Kaza!"

Askari akakumbuka kidole. Alikumbuka, ndugu zangu, wala asije mtu akaniambia alisahau. Lakini ukipima kidole mbele ya watu wanaokushangilia, si utaonekana laini? Akaikaza pingu meno mawili zaidi, kipini hakukigusa, akamwinua mtu kwa mnyororo wa pingu kama anavyoinuliwa kuku, akamtupa ndani ya difenda la polisi. Saa mbili za barabara mbovu. Kila shimo, pingu ikajikaza jino moja. Walipofika kituoni vidole vya fundi vilikuwa vimevimba na kufa ganzi.

Wiki iliyofuata, mahakamani, kijiji kizima kilikuwa kwenye mabenchi. Hakimu akasoma shitaka. Fundi akasimama.

"Ni kweli, mheshimiwa. Nilipanda paa mwenyewe, sikutumwa na mtu."

Akapewa kalamu atie sahihi maelezo yake. Kalamu ikaanguka. Akaiokota kwa mkono wa kushoto, akairudisha kulia, ikaanguka tena.

"Mkono una nini?" hakimu akauliza.

"Muulize afande, mheshimiwa. Mimi langu nimeshasema."

Askari akakaza shingo. "Alianguka akitaka kutoroka, mheshimiwa."

"Kipini ulibonyeza?"

"Nilibonyeza."

Hakimu akayageukia mabenchi. "Kuna aliyeona?"

Mnadhani nani alisimama? Mmoja akafunga kamba ya kiatu kisicho na kamba. Mwingine akahesabu mabati ya paa. Ndipo akasimama nesi wa zahanati, yule yule aliyeibiwa.

"Mimi niliona. Hakuanguka. Na sauti iliyosema 'kaza' ilikuwa yangu." "Mimi ni nesi. Najua mshipa unavyokufa ukibanwa. Nilijua, na bado nikasema kaza."

Askari alikuwa amejiandaa kupambana na mwizi. Hakujiandaa kusaidiwa kubeba dhambi. Akakitazama kidole chake cha shahada kama kwamba ni cha mtu mwingine.

"Mheshimiwa," akasema, na sauti haikuwa ya kiaskari tena, "sikupima kidole. Kipini sikukigusa. Andika hivyo."

Mwizi akapata kifungo chake, na akastahili. Askari akavuliwa cheo, na akastahili. Nesi akawa kila Jumatano anaenda gerezani kuunyoosha ule mkono, kidole kimoja kimoja.

Basi mnatikisa vichwa, mnasema hadithi imekwisha vizuri. Haijaisha! Mwizi alisema lake. Nesi akasema lake. Askari naye, kwa kuchelewa, akasema lake. Nani hajasema? Waliobaki benchini. Na benchini pale walikuwa nani, kama si sisi? Sisi tunaokuja hapa ibadani na nguo zilizopigwa pasi, tunaojua kuitikia "kaza" tukiwa wengi na kufunga kamba za viatu tukiulizwa mmoja mmoja. Tunadhani tukimchukia mwizi ndiyo tumeipenda haki!

Hebu kila mtu ashike kifundo cha mkono wake. Shika, usione haya. Hapo unaposikia mapigo ya moyo wako, na mwizi pia aliumbiwa mapigo hayo hayo.

Paa hili letu nalo lina paneli. Ipo siku ataletwa mtu hapo uani, na mikono yake itakuwa nyuma. Watu watapiga kelele. Wewe siku hiyo usinyamaze mpaka uitwe mahakamani. Pasua umati, simama mbele, useme kwa sauti ile ile unayoimbia humu ndani: "Afande, mfunge. Lakini pima kidole."