Nguchiro, Fisi na Matairi ya Uwanjani

Ngano inapita mlangoni.

Ishike mkia isikimbie.

Ina miguu mingapi?

Miwili, na yote ya mpira.

Basi kaeni chini. Atakayesinzia asiniulize baadaye, sirudii.

Nguchiro alikuwa anakandika. Mvua ya usiku ilikuwa imebomoa upande mmoja wa kichuguu alimokuwa akiishi na watoto wake, naye alikuwa amepiga magoti, matope hadi viwikoni. Alitwaa tope akalibandika ukutani, pwaa, akalilainisha kwa kiganja, swaa. Pwaa, swaa. Pwaa, swaa. Watoto walimletea maji, na waliyomwaga njiani yalikuwa mengi kuliko yaliyofika.

Chiriku akatua juu ya kichuguu. Chiriku ni ndege wa kupeleka habari, na habari njema huwaachia wengine.

"Mama Kitinda, unakandika?"

"Hapana, naoga."

"Mimi ningekuwa wewe ningeacha. Unamkandikia Fisi."

Nguchiro hakugeuka. Pwaa, swaa. "Fisi ana pango lake."

"Analo. Lakini pango halioni uwanja, na kichuguu chako kiko kwenye kona ya uwanja. Fisi anasema mnyama wa hadhi yake anahitaji mahali pa kukaa juu, awaone vizuri wanaomshangilia."

"Na sisi twende wapi?"

"Hilo hakulisema. Nadhani halikumjia."

Sasa niwaeleze uwanja. Katika nchi ya wanyama ilikuwapo barabara ya lami inayozunguka na kurudi palepale ilipoanzia. Haiendi sokoni. Haiendi kisimani. Ilijengwa ili wenye pikipiki wakimbie humo bila abiria, bila mizigo, bila matuta, na wakichoka warudi nyumbani kuwaambia wake zao walikuwa na kazi. Siku ya kukimbia humo iliitwa siku ya uwanja. Wanyama wenye nguvu waliipenda sana, hata wakaifanya mahakama. Wawili wakigombania kitu, walipelekwa kwenye lami, na aliyetangulia kumaliza mizunguko mitatu ndiye mwenye haki. Ajabu ni kwamba haki ilikuwa ikikaa kwa wenye mashine kubwa.

"Mbio ni kesho mchana," Chiriku akasema. "Fisi akishinda, mnahama kabla jua halijazama. Ukishinda wewe, hatakanyaga kona hii tena. Ameapa mbele ya watu. Ameapa huku akicheka, lakini ameapa."

Nguchiro akawatazama watoto wake. Msimu uliopita walilala nje siku moja tu, na alfajiri mwewe akaondoka na mmoja. Akanawa mikono.

"Chekecheke," akamwambia mkubwa wao, "malizia ukuta. Mimi naenda kuitafutia pikipiki yetu matairi."

Muuza matairi alikuwa Nungunungu, ambaye pia aliziba pancha. Wanyama walinong'ona kuwa pancha nyingi zilianzia mgongoni kwake, lakini hakuna aliyethubutu kumshika ili amkague. Alikuwa ameyapanga matairi ukutani: ya matope yenye meno makubwa, ya njia ya kawaida yenye mistari kiasi, na juu kabisa, peke yao, matairi mawili meusi, laini, yasiyo na mstari hata mmoja.

Nguchiro alipofika, Fisi alishafika. Na kwa Nungunungu sheria ilikuwa hii: mwenye nguvu huchagua kwanza.

"Karibu, mama," Fisi akasema. "Umekuja kuchagua tairi la kuhamia?"

"Shikamoo, Mzee. Nimekuja kutazama tu. Wewe chagua, mimi nitachukua kitakachobaki."

Fisi akaanza kupima matairi kwa kuyalamba. Nguchiro akasimama mbele ya yale mawili ya juu. Akayatazama. Akapumua kwa uchungu, kama mtu aliyeona nyama ya jirani.

"Yale nini?" Fisi akauliza.

"Ah, Mzee, yale si ya kina sisi."

"Yana vipara," Fisi akasema. "Ya pikipiki yangu yalipokuwa na vipara nilizuiwa barabarani."

Nungunungu akacheka. "Hayo yamezaliwa na vipara, Mzee. Ni ya uwanja tu. Mpira wote unagusa lami, hakuna sehemu iliyopotea kwenye mistari. Lakini yanataka mambo mawili, lami kavu na joto. Yakishapata moto, yanashika kama ulimbo. Yakiwa baridi, ni sabuni."

"Ulimbo," Fisi akasema. Neno la sabuni lilipita sikio la pili bila kusimama. "Mama, wewe ungeyataka?"

"Nani asiyeyataka, Mzee? Lakini ni ya wakubwa."

"Basi ni yangu."

"Chukua, Mzee. Mimi mdogo natosheka na kidogo."

Nguchiro akachukua yale ya njia ya kawaida: mpira kiasi, mistari kiasi. Alijua yangepata joto upesi, yangepasua maji, na baadaye yangembeba kwenda kusaga unga.

Ikaja zamu ya upepo. Nungunungu akavuta pampu. Fusss, fusss. "Kwa uwanja," akasema, "tunapunguza upepo kidogo. Tairi linakaa chini vizuri, linashika."

"Mimi nipunguzie kidogo, fundi," Nguchiro akasema.

Fisi akasimama. "Tunapunguza? Tunapunguza cha nani?"

"Upepo, Mzee."

"Tangu lini Fisi akapunguziwa kitu? Huyu kapata kiasi gani?"

"Kidogo kuliko kawaida."

"Mimi nijazie mpaka kikomo. Kisha ongeza."

"Likijaa sana, Mzee, linagusa lami kwa kidole kimoja tu."

"Ongeza."

"Mwongezee, fundi," Nguchiro akasema kwa upole. "Mimi mdogo natosheka na kidogo."

Fusss. Fusss. Fusss. Matairi yakawa magumu kama ngoma ya harusi. Fisi akayapiga kofi, ti ti ti, akafurahi.

Alipotoka kwenda kujionyesha, Nungunungu akamvuta Nguchiro pembeni. "Mama, unacheza na maisha ya watoto wako. Upepo huo utamsumbua, sawa. Lakini kesho mchana lami ile inakaanga yai. Vile vipara vikipata moto, hutamwona hata vumbi."

"Najua."

"Unajua, na umempa?"

"Sikumpa. Alichukua."

Na fundi alikuwa amesema kweli. Mchana ukifika, kichuguu kimekwenda. Njiani kurudi Nguchiro akapitia kwa Fisi. Alimkuta ameketi kwenye pikipiki iliyozimwa, akinguruma kwa mdomo, vruum, vruum.

"Mzee, samahani kukusumbua. Kesho zamu ya kupika uwanjani ni yangu. Nitaweka makongoro."

Fisi akanyamaza kunguruma. "Makongoro."

"Sufuria zima la miguu ya ng'ombe, na mifupa yake. Yataiva asubuhi. Sasa nasikitika, maana unajua mila: waliokwisha kukimbia hula kwanza. Wewe na mimi tunakimbia mchana. Tutakuta mchuzi."

"Nani kasema mchana?"

"Wewe, Mzee."

"Na mimi ndiye ninayesema sasa. Tutakimbia jua linapochomoza. Nakushinda, nashuka, nakula."

"Mapema hivyo? Lami itakuwa na umande, Mzee."

"Ogopa umande wewe mwenye miguu mifupi. Mimi ndiye wa kwanza sufuriani."

"Kama ndivyo unavyotaka. Mimi mdogo natosheka na kidogo."

Jua lilipochungulia, wanyama walikuwa wamejaa ukingoni wakipiga miayo. Lami iling'aa kwa maji. Harufu ya makongoro ilikuwa imeanza kutembea, na Fisi alikuwa ameelekeza kichwa upande wa sufuria badala ya upande wa barabara.

Chiriku akapaza sauti. "Tayari. Haya."

Mashine ya Fisi ilipiga kelele, vruuuum, ikaondoka kama jiwe la kombeo. Ya Nguchiro ikasema tu-tu-tu-tu, kama inayokwenda kisimani. Wanyama wakamcheka. Nguchiro akawaacha wacheke.

Kona ya kwanza ndiyo ile ya kichuguu. Watoto walikuwa wamekaa mlangoni wakitazama. Fisi akafika, akalaza pikipiki kama mabingwa wanavyolaza, na tairi likatafuta pa kushika lisipaone. Suruuu. Bwata. Fisi huku, pikipiki kule.

Tu-tu-tu-tu. Nguchiro akapita.

"Pole, Mzee."

Fisi akainuka, akapanda, akavuta mafuta yote. Vruuuum. Akampita Nguchiro kwenye sehemu iliyonyooka, akafika kona ya pili. Suruuu. Bwata.

Tu-tu-tu-tu. "Pole, Mzee."

Angekwenda taratibu, matairi yangepata joto polepole, na mambo yangebadilika. Lakini harufu ya sufuria ilikuwa inamwita, na mwenye haraka ya kula hawezi kungoja mpira uive. Vruuuum. Suruuu. Bwata. Mara moja aliangukia tope, mara nyingine miiba. Kila alipoanguka, matairi yalilala chini kupoa, na kila alipoinuka alianzia kwenye ubaridi uleule.

Nguchiro akamaliza mzunguko wa tatu, akazima mashine, akaenda kukoroga makongoro yasiungue.

Ndipo jua likapanda. Umande ukakauka, lami ikapata moto, matairi yakashika kama ulimbo. Fisi akalaza kona kwa uzuri ambao uwanja ule haujauona tena. Alikimbia vizuri sana siku ile, peke yake. Alipofika, Nguchiro na watazamaji walikuwa wameshakula, na sufuria lilikuwa limeinamishwa likauke.

"Umenidanganya," akamwambia Nguchiro.

"Kwa neno gani, Mzee?"

Fisi akafikiri. Akatafuta neno moja la uongo, akalikosa, na hilo likamuuma kuliko goti. Akamgeukia Nungunungu. "Wewe fundi, umeniuzia sabuni."

"Nilikuambia ni sabuni," Nungunungu akasema, akasimamisha miiba, chwaaa. "Lakini yapo mengine ya mvua, Mzee, ghali zaidi. Nikuwekee?"

"Niwekee," akasema Fisi. Akaondoka akichechemea, na kwa kuwa alikuwa ameapa mbele ya watu, alizunguka njia ndefu ili asikanyage kivuli cha kichuguu.

Jioni Nguchiro akasonga ugali, akakaanga mayai, akapakua. Hakugawa mpaka alipowaita majina. Chekecheke? Yupo, matope hadi masikioni. Pacha? Yupo. Pacha mwingine? Yupo, ameshaiba yai. Kitinda? Kimya. Akainuka upesi, akamkuta amelala nyuma ya ukuta mpya, akamleta amemshika shingoni. Yupo.

"Mama," Kitinda akasema, "leo tumejifunza nini?"

"Heshima," akasema Nguchiro. "Mkubwa akitaka kuchagua kwanza, mpishe. Akitaka kujaziwa, mjazie. Akitaka kuwahi, mwamshe. Na siku zote mwambie kweli, hatakusikia."

"Na uroho? Uroho ni mbaya?"

"Nani kakudanganya? Bila uroho leo ungelala wapi? Uroho ni kitu kizuri, ukiwa kwa mwenzako. Kula, ugali unapoa."

Ngano yangu imezima mashine. Aliyeisikia aisukume mpaka kwao.