Hariri ya Mpiga Zumari

Hapo zamani, siku ya pili ya Idi, Mwinyikombo wa Kivunjeni aliishiwa pumzi katikati ya wimbo, na zumari ikamdondoka.

Tabibu Alawi alitega sikio kifuani pake. Moyo ulikwenda mbio, ukasita, ukaenda tena. Akampa dawa ya kunywa asubuhi na jioni, akasema, "Kuishi utaishi. Zumari itundike."

Mwinyikombo alisikia hilo la mwisho tu. Mwanawe Shebwana alikuwa anaoa baada ya mavuno, na mjini pale bwana harusi hatoki bila zumari mbele. Baba aliyewapulizia watoto wa watu wote angempelekaje wa kwake akiwa amekaa kitako?

Jirani yao, Bi Kalavati, mjane muuza viungo, alikuwa na mti wa amla uani. Alikuja na mbegu yake kutoka Bara Hindi. Matunda yake ni ya kijani na makali. Ukila unakunja uso, ukinywa maji baadaye unayaona matamu.

"Kwetu wazee hula haya kuutunza moyo," alisema, akawajazia kapu. Msimu ule hakubakiza hata la kutia achari ya dukani.

Mwanakheri, mke wa Mwinyikombo, aliyafanya kama mtu yeyote wa pwani anavyolifanya tunda kali: akayatia chumvi na pilipili. Mume akala, akalamba vidole. Baada ya siku chache miguu ikamvimba.

Tabibu akaonja chunguni. "Mwanakheri, unamtibu mume au unakausha papa? Tunda halina kosa, chumvi ndiyo inayomzamisha. Na dawa yangu asiiache. Tunda ni msaidizi tu."

Mwanakheri akamwaga chungu chote. Tangu hapo aliyaanika matunda juani, akayachemsha bila chumvi. Chakula cha nyumba nzima kikapikwa hivyo, naye akala hichohicho. Kila alfajiri alimwongoza mumewe kisimani. Mwanzoni Mwinyikombo aliketi kila kona.

"Mume wangu, kisima hakihami. Twende."

Wakaenda. Kona zikapungua, uvimbe ukashuka.

Siku ya harusi Mwinyikombo aliitungua zumari. Alipuliza kutoka mlangoni kwake, akapanda nayo kilima cha soko, akashuka hadi kwa bibi harusi. Hakuketi. Vigelegele vilimfuata njia nzima, na Shebwana alilia hadharani bila kujificha.

Wakwe wakamtunza shuka ya hariri. Desturi ya Kivunjeni ni kwamba mpiga zumari humvika hariri hiyo mtu aliyempa pumzi. Humvika mmoja, palepale, wala haikatwi.

Bi Kalavati akasema, "Bila mti wangu mngechemsha nini?"

Tabibu akasema, "Nani aliyeiona chumvi? Na dawa ilikuwa ya nani?"

"Dawa ilikuwa yako," Mwanakheri akamjibu, "na wewe ndiye uliyesema zumari itundikwe. Dada Kalavati naye alitoa tunda, hakutoa maelezo. Mimi nilikosea, nikarekebisha kila siku."

"Shemeji, ukivikwa hariri wewe, si inarudi nyumbani kwa mumeo?" tabibu akamtania, na watu wakacheka.

Mwinyikombo aliikunjua hariri. Akawaendea wote watatu, pumzi yake imetulia. Hadi hapo walioshuhudia wanakubaliana. Kutoka hapo kila mtaa una lake.

Basi semeni ninyi mliosikia: hariri ile ilistahili mabega ya nani?