Sale la Jumamosi

“Sale la Jumamosi halisubiri Jumanne,” alisema Bibi Aikaeli, na mikono yake ikasimama juu ya ungo.

Kila jioni Bibi alichagua mchele huku wajukuu wakibishana kando yake, naye hakuwa na kawaida ya kuwaingilia. Lakini leo Ndeshi alikuwa amesema kwamba atapatana na dada yake siku yoyote, labda mwezi ujao, kwani haraka ya nini?

“Bibi, hiyo umeitoa wapi?” Ndeshi aliuliza.

“Nyumbani kwetu. Methali hii ilianza hivi, nami nilikuwemo garini.”

Baba yake Bibi, mwalimu Ndewingia, alikuwa Mchaga aliyefundisha Tanga na kuoa binti wa Kisambaa. Siku ya harusi yake, maharusi walisimama mlangoni pa kanisa hadi adhuhuri wakimngoja Mzee Ndesario, baba yake bwana harusi. Hakuja. Alimtuma mtu aseme kwamba hana mkwe kutoka Usambara. Tangu siku hiyo Ndewingia hakukanyaga tena kwao Marangu, na miaka tisa ikapita.

Kisha Desemba moja ikaja barua. “Mwanangu, nilikosa. Walete wajukuu niwaone. Nitakungoja Jumamosi barabarani, nina sale.”

Sale ni jani refu la kijani linalopandwa mipakani mwa vihamba, mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba za Wachaga. Mchaga aliyekosa akikupa sale kwa mkono wake, huna budi kusamehe. Ndewingia alilijua hilo. Alijua kwamba akilishika tu jani lile, hasira yake ya miaka tisa itakuwa imekwisha, naye alikuwa ameizoea kama mtu anavyozoea kilema chake.

Hata hivyo alimjibu kwamba watafika Jumamosi. Walitoka Tanga Ijumaa mchana, mke mbele, Aikaeli na mdogo wake nyuma, wakalala Korogwe. Asubuhi walipofika Mombo, badala ya kushika njia ya Same, Ndewingia akakata kulia na kuanza kupanda milima.

“Watoto waone maporomoko ya Soni,” alisema.

Watoto walifurahi. Barabara ilijiviringisha juu ya bonde, na upepo wa baridi ukaingia madirishani. Walinunua mapichi, wakayatazama maji yakianguka. Jua likapita utosini, na baba yao bado ameketi juu ya jiwe.

“Baba Aikaeli,” mkewe alisema taratibu, “leo ni Jumamosi.”

“Gari limechemka, mama. Tuliache lipoe.”

“Limezimwa tangu saa tatu. Sasa limepoa kuliko mtungi.”

“Gari letu ni vivu kuliko babu!” Aikaeli akachekelea kutoka nyuma. Mama hakucheka. Alimtazama mumewe, naye akageuzia uso majini.

Jumapili akataka kuwasalimu wakwe zake Lushoto. Jumatatu wakafika Same, akasema macho yamechoka, heri walale pale wakiitazama milima ya Upare. Mkewe aliziona siku zikipita, akaogopa kuuliza kwa nini.

Walifika Marangu Jumanne, jua likiinama. Barabarani hapakuwa na mtu. Ndewingia akavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza akatamani kumwona baba yake. Akashuka na kukimbia kupita katikati ya migomba.

Uani wanawake walikuwa wameketi chini. Nyuma ya nyumba palikuwa na udongo mbichi.

Dada yake Ndealilia akainuka. “Kaka, tumekungoja hadi saa nane, ndipo tukamzika. Hatukujua wapi pa kukutafuta.”

“Alifariki lini?”

“Jana alfajiri. Jumamosi nzima alikaa barabarani na sale lake. Kila gari lilipopita alisimama. Jumapili akachuma jingine, mvua ikamkuta palepale. Tulimwambia, baba, ingia ndani. Akasema, ‘Mimi nilimwacha mlangoni, nawezaje kumngojea ndani?’”

Kisha akafunua upande wa khanga. Mle mlikuwa na jani moja, limenyauka na kujikunja.

“Hili ni la Jumamosi. Alitukataza tusilitupe.”

Ndewingia akanyoosha mkono. Ndealilia akaurudisha wake.

“Nipe, dada.”

“Nikupeje, kaka? Sale hutolewa na aliyekosa, na mimi sijakukosea. Mwenyewe amekwenda.” Machozi yalimtoka, lakini khanga akaifumba. “Sale la Jumamosi halisubiri Jumanne.”

Mama Aikaeli alikuja amewashika watoto wawili mikono, wakasimama nyuma ya mumewe.

“Njiani mlikuwa na taabu gani?” Ndealilia akauliza. “Gari liliharibika?”

Ndewingia alimtazama mkewe. Kisha akaenda kupiga magoti kwenye udongo ule, akausemesha kwa sauti ambayo wote waliisikia.

“Gari lilikuwa zima, baba. Nilitaka ungoje kama nilivyokungoja mimi.”